Mmea Uliofunga Majani Mchana

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, katikati ya miaka ya themanini, kila Agosti nilitoka Kitale kwenda kukaa Bokoli na nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu. Chini ya shamba lake ulipita mto unaoshuka kutoka Mlima Elgon, na katikati yake palikuwa na kisiwa cha mawe, kidogo kama uwanja wa nyumba. Hapo tu ndipo ulipoota mmea ambao sijauona kwingine: majani matatu matatu kama ya kunde, maua ya njano yenye mistari myekundu. Kukhu hakuupa jina. Alisema ni wa mto.

"Mkiona umefunga majani mchana, tokeni. Msichukue kitu."

Siku moja jua liliwaka na maji yalifika vifundoni tu, tukavuka hadi kisiwani. Binamu yangu Nekesa, wa miaka kumi na miwili, alifua sare yake ya shule, ile moja aliyokuwa nayo, akaianika juu ya jiwe. Mimi nilikaa nikiutazama mmea, maana nilikuwa mtoto wa kuhofia kila kitu. Majani yakaanza kukunjana, moja baada ya jingine, kama viganja vya watu wanaosali.

"Nekesa, umefunga!"

"Ati? Si umelala tu na joto, bana. Wewe wa Kitale unaogopa mpaka mboga!"

Nililia hadi akanivusha ili ninyamaze. Ng'ambo akageuka. "Ngoja nichukue sare. Mama ataniua."

Nikalishika sweta lake kwa mikono miwili, nikakaa chini. Alinizaba kofi. Sikuachilia. Kisha tukasikia mngurumo, na maji ya rangi ya udongo yakaja yamebeba migomba mizima. Kisiwa hakikuonekana tena. Nekesa aliacha kunivuta.

Kukhu alitukuta hapo, akihema.

"Ulifunga?"

"Ulifunga, Kukhu."

Akavua kitambaa cha kichwa, akasimama mbele ya mto.

Chuo kikuu nilisomea mimea. Najua mimea ya jamii ya kunde hukunja majani kwa joto au giza, na najua mvua hunyesha mlimani huku bondeni kukiwa na jua. Kuunganisha hayo mawili nimejaribu, nimeshindwa. Mwaka jana binti wa Nekesa alijifungua msichana. Nilimpakata mtoto huyo mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza sikuionea aibu hofu yangu ya siku ile.