Mama Mulwa na Blanketi la Kijani Mbili

Mashine ya Mama Mulwa ina meno mengi kuliko mamba, na yote kazi yake ni kulainisha. Mwenyewe anaitwa Nzilani Mutie. Alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha blanketi Nairobi. Kilipofungwa, wenzake waliondoka na barua za shukrani, yeye akaomba mashine moja kuukuu, akaileta kijijini kwetu Matinyani juu ya lori la vitunguu. Majirani walidhani ni ya kusaga mahindi. Wawili walikuja na magunia.

Kumbe inakwangua kitambaa. Ni silinda kubwa iliyozungukwa na rola zenye waya zilizopinda kama kucha za paka. Pamba inapita juu yake, waya zinavuta ncha za nyuzi, na kitambaa kilichoingia kikavu kama gazeti kinatoka na unyoya uliosimama. Ukikiweka shavuni unasinzia. Ukizidisha kukwangua, unabaki na neti ya mbu. Hayo mimi, msaidizi wake, nilisoma nusu chuoni, nusu nyingine nimefundishwa na yeye, kwa matusi.

Tusi kubwa ni la mshale. Unyoya hulala upande mmoja, kama wa mbuzi, kwa hivyo kila kipande lazima kichorwe mshale wa chaki nyuma kabla ya kushonwa. "Ukisahau mshale," huniambia, "hata kaburini utaingia kichwa chini."

Juni iliyopita mwanawe Mulwa alipata mchumba, Wavinya wa Kyuso. Kwetu mbuzi wa ntheo, wanaopelekwa kwa akina msichana, ndio hufunga ndoa, lakini nyanya ya msichana naye lazima apate blanketi. Kyuso jua hukaanga mijusi, ila mila haiulizi hali ya hewa. Na nyanya huyo, Syombua, alishawahi kurudisha blanketi la wakwe wengine kwa sababu lilimwasha. Wakwe walirudi kwao na mbuzi wao. Mama Mulwa akaapa lake halitarudi.

Akakwangua vipande viwili vya kijani, mara tano kila kimoja. Upande wa kichwani, kimoja akakitarizi SUSU, yaani nyanya kwa Kikamba, kingine SYOMBUA. Hapo Mulwa akapiga simu: wamekubali, ni Jumamosi. Mama akavishona ubavu kwa ubavu huku akiimba wimbo wa kwaya, beti zote.

Ijumaa tukalianika juani. Nusu moja ilikuwa kijani cha majani baada ya mvua, nusu nyingine kijani cha sukuma wiki ya juzi. Kitambaa ni kile kile, ila unyoya wa huku ulilala kwenda chini, wa kule kwenda juu.

"Mshale uko wapi, Mama Mulwa?" nikauliza, kwa upole wa mtu aliyengoja siku hiyo miaka miwili.

"Nyamaza, nusu diploma."

"Watasema tumeunga blanketi jipya na la zamani."

"Najua watasema nini."

Kukwangua tena kungelitoboa. Kufumua jina ili kulihamisha kungeacha matundu. Ilibaki kutenganisha vipande na kugeuza kimoja juu chini. Rangi ikawa moja, lakini sasa SUSU ilikaa kichwani na SYOMBUA ikaenda miguuni, imepinduka.

Jumamosi, tulipofika Kyuso na mbuzi wetu, mjomba wa msichana, Mzee Mulei, akalikunjua mbele ya watu wote.

"Jina la mama yangu liko miguuni? Kwani huko Matinyani hamna shule?"

Mama Mulwa akasimama. "Ni mkono wangu, mzee. Kijana wangu hana makosa."

"Leteni hapa," akasema Syombua.

Wakamfunika magoti. Akapitisha kiganja, akakirudisha, akainama akaweka shavu. Kisha akatazama miguuni pake, akasoma polepole, "Syo-mbu-a." Kwake yeye aliyekaa upande wa kichwani, jina lilikuwa wima kabisa.

"Mulei, hiyo Susu mnayosoma huko ni yenu. Ndivyo mnavyoniita tangu nipate wajukuu. Hii inanitazama mimi. Huyu mama amekumbuka nina jina."

Mama Mulwa, mtu wa kanisa, akafungua mdomo aungame.

"Na kama ilikuwa makosa," Syombua akamkatiza, "usiniambie."

Mbuzi wakapokelewa papo hapo. Akina mama wa Kyuso wakapanga foleni kugusa blanketi, naye Syombua akawaruhusu, kidole kimoja kila mtu.