Nililipenda Koti, Sikuijua Kazi

Jumapili moja hainitoki akilini, mwanangu, ingawa miaka mingi imepita na wengi waliokuwa chumbani siku ile hatunao tena. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nyumbani kwetu Ziwani, baada ya ibada. Sebule ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Wengine walikalia mikono ya viti, juu ya vitambaa alivyovifuma mama, na watoto walisimama mlangoni wakila mandazi. Niliitwa katikati ya chumba, nikavishwa koti jeupe, na mikono kumi au zaidi ikawekwa kichwani na mabegani mwangu. Wakaniombea.

Hiyo ilikuwa desturi yetu, sisi watu wa magharibi tuliokulia Nairobi. Kijana akiitwa chuoni, watu wa nyumbani wanakutana wamwombee, na kila mmoja anakuja na kitu. Huyu analeta blanketi, yule beseni, mwingine sanduku la bati. Koti lilikuwa zawadi ya dada ya baba yangu, ambaye kwa lugha ya kwetu tulimwita Senge. Alishona sare katika kiwanda kimoja kule Industrial Area, na koti lile alilikata na kulishona mwenyewe, mshono ukiwa umenyooka kama mstari wa rula. Nilipolivaa, mama alipiga kigelegele na mzee mmoja wa kanisa akasema kwa sauti, "Daktari wetu huyo!"

Sikuwa naenda kusomea udaktari. Nilikuwa naenda kusomea kazi ya maabara. Nilijua tofauti hiyo, baba aliijua, na nadhani hata yule mzee aliijua. Lakini neno lilikuwa tamu, nikaliacha likae.

Sasa nikueleze nilivyoichagua kazi hiyo, maana ndiko kosa lilikoanzia.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilimsindikiza mama kliniki. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, watu wakinung'unika, watoto wakilia. Mara mlango ukafunguka, akatoka kijana mwenye koti jeupe, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa safi. Benchi zima likanyamaza. Wanaume wa umri wa baba yangu wakakunja miguu ili apite. Alipita kama mtu anayetembea ndani ya maji, polepole, bila sauti, akaingia mlango mwingine na kutoweka. Ni hayo tu niliyoyaona. Kuanzia siku hiyo nikawa na ndoto moja.

Miaka mitatu baadaye fomu ya kuchagua kozi ilipofika, nilipewa wiki tatu za kufikiri. Sikufikiri. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wetu kila alasiri, jua likiwa limelegea juu ya paa, nguo za majirani zikipepea kwenye kamba, na kwaya ikifanya mazoezi mahali fulani nisipopaona. Nilijiona nikipita kwenye ukumbi mrefu mweupe. Milango ilijifungua mbele yangu. Watu walikunja miguu. Katika ndoto ile sikuwahi kufika mahali ninapokwenda, wala sikuwahi kukifunua kile kitambaa. Nilipita tu. Wiki tatu zikaisha hivyo, nikaandika kozi ya maabara kwenye mstari wa kwanza, kwa mwandiko mzuri sana.

Uchaguzi huo haukuwa wangu peke yangu, mwanangu. Nilikuwa na dada, Rodah, niliyemzidi kwa mwaka mmoja. Tulifanya mtihani wa kidato cha nne pamoja kwa sababu mimi nilirudia darasa. Sote wawili tulipata barua: mimi ya maabara, yeye ya ualimu. Mwaka huohuo baba alipunguzwa kazini reli, na kile alichopewa cha kuagwa kilitosha kumsomesha mmoja. Baba alituita mezani, akaziweka barua mbili pamoja, akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema mimi ndiye mkubwa, nitangulie, na Rodah asubiri. Rodah alijibu, "Sawa, Baba," akainuka kwenda kuosha vikombe. Barua yake aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia.

Juma moja kabla ya yale maombi, Senge alikuja na futi yake shingoni kunipima mabega. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na pini zilipokuwa mdomoni yalipungua zaidi. Siku hiyo alizitoa.

"Hebu niambie," akasema, "hawa watu wa maabara, kazi yao ni ipi?"

"Wanapima magonjwa, Senge."

"Wanapima kwa kutumia nini?"

"Mashine. Hadubini."

"Inua mkono. Na ndani ya hadubini wanaweka nini?"

Nikainua mkono.

"Yule kijana uliyemwona kliniki," akaendelea, "unasema alibeba sinia. Chini ya kitambaa kulikuwa na nini?"

"Sijui, Senge."

"Hujui." Akacheka kwa pua. "Ni vikopo, baba. Choo cha watu, mkojo, makohozi. Wewe koti umeliona. Kikopo hukukiona."

Rodah, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, alicheka hadi sufuria ikatikisika. Mimi nikakasirika. Nikasema kila kazi ina uchafu wake.

"Ina uchafu wake, ndiyo, na wapo wanaoupenda huo uchafu," Senge akasema. "Kuna mama wa kanisa letu kule Umoja anayefagia maabara ya hospitali. Nitamwomba akuombee ruhusa kwa wakubwa wake, uende ukakae kwenye kona Jumanne moja, kuanzia saa nne asubuhi. Sio siku ya sherehe. Jumanne. Uone mtu wa kazi hiyo anafanya nini wakati hakuna anayemtazama."

Mwanangu, hapo ndipo nilipotoa jibu ambalo nadhani ni sisi tu watu wa kanisa tungeweza kulitoa. Nikamwambia, "Senge, tayari maombi yametangazwa kanisani. Nikianza kwenda kuchungulia, si nitakuwa nimemwonyesha Mungu kwamba sina imani?"

Alinitazama. Kisha akairudisha pini moja mdomoni, akaitoa tena.

"Mungu hajakataza mtu kuuliza. Wewe unaogopa utajibiwa."

Akanipima shingo, akaandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu, akaenda zake. Sikwenda ile Jumanne. Koti lilikuja hata hivyo, kwa sababu Senge alikuwa ameahidi, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi ili kumfundisha mtu adabu.

Nikaingia chuo. Nilitoka nyumbani asubuhi nikirudi jioni, na koti nililivaa tangu mlangoni. Nililivaa nikienda kununua mkate. Wenzangu wa mtaa waliketi ukutani wakinipigia kelele, "Niaje, daktari! Tupime basi!" Muuza duka alinikatia mkate kabla ya waliotangulia. Mama mmoja jirani aliniletea mtoto mwenye vidonda mguuni, nikamwambia kwa sauti nzito amwoshe kwa maji ya chumvi. Nilikuwa mwenye furaha sana barabarani. Ndani ya maabara ndimo nilimokuwa simo.

Nisiseme uongo: vikopo havikunishinda. Pua huzoea baada ya juma moja hivi. Kilichonishinda ni kwamba kazi ile ilitaka mtu ainame, atazame kidogo sana, kwa muda mrefu sana, kisha aandike, kisha ainame tena. Mwenzangu wa meza alikuwa msichana mpole kutoka Kakamega. Yeye alipoinama kwenye hadubini alisahau kula. Alinivuta mkono siku moja, akaninong'oneza, "Kuja uone, wanatembea!" Nilipotazama niliona vidoa. Yeye aliona mji mzima. Hapo ningepaswa kuelewa, lakini nilidhani tofauti yetu ni macho.

Mwaka wa kwanza ukielekea kwisha tulipelekwa hospitali kwa mafunzo ya vitendo. Asubuhi moja nilipewa chupa mbili ndogo za damu ya kupimwa aina, nizibandike majina. Mwalimu wetu, mama mfupi tuliyemwita Madam, alipita akazichukua. Alisoma majina, akafungua daftari la wodi, akazisoma tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mama wa kitanda cha sita, Madam."

"Na hii?"

Nikasoma jina nililolibandika. Nilikuwa nimezibadilisha.

Hakunigombeza. Alinishika kiwiko, akanipeleka hadi mlango wa wodi, akanionyesha mama wa kitanda cha sita. Alikuwa amekaa akichana nywele za binti yake. "Yule," akasema, "angeongezwa damu leo. Ya mtu mwingine ingemuua. Ulipokuwa ukibandika, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale mezani, Madam."

"Mwili wako ulikuwa mezani. Nakuuliza wewe ulikuwa wapi."

Nilijua nilikokuwa. Mbele ya meza ile palikuwa na dirisha, na kwenye kioo niliiona sura yangu, kola ikiwa imesimama vizuri. Nilikuwa ndani ya kioo. Nilikuwa nikipita kwenye ule ukumbi mrefu mweupe, watu wakikunja miguu.

Nilivua koti siku hiyo na sikulivaa tena.

Kumweleza baba kulinichukua siku nne. Nilimkuta uani akishona kiatu, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia siwezi kuendelea. Nilimweleza yote, hata habari ya dirisha. Sindano ilisimama hewani.

"Sasa wale watu waliokuombea," akasema hatimaye, "tutawaambia nini?"

Kabla sijajibu, Rodah aliingia. Tangu nianze chuo alikuwa akifanya kazi ya kufunga peremende kiwandani, na alirudi kila jioni akinuka sukari, ncha za vidole zikiwa zimechanika kwa karatasi. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka mlangoni. Nilitarajia apige kelele. Ningefurahi kama angepiga.

"Senge alikwambia uende siku moja," akasema. "Siku moja tu, ukakae kwenye kona. Ukaona aibu kuuliza. Mimi nimefunga peremende miezi kumi kwa sababu ya hiyo aibu yako."

Akaingia ndani. Baba akarudi kwenye kiatu chake. Niliendelea kuchuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi sikuwa na ndoto yoyote kichwani.

Juma lililofuata nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilimwendea Senge, nikamwomba radhi, nikamwomba anitafutie kona za kukaa. Jumanne ya kwanza nilikaa kwa mpiga chapa, na ya pili kwa fundi wa redio. Ya tatu nilikaa katika karakana moja kule Kariobangi kwa mzee aliyetengeneza mizani: ya duka, ya vinu vya kusaga posho, ya kliniki za watoto. Alikuwa akiongeza na kupunguza vipande vya shaba vidogo kama punje za mchele mpaka mshale ukatulia. Nilipoinua kichwa, ilikuwa saa nane mchana na sikuwa nimekula. Nikamkumbuka yule msichana wa Kakamega. Nikajua.

Chuo cha kazi hiyo sikukipata, wala nyumbani hapakuwa na uwezo wa kunipeleka. Nilijifunza kwa mikono na kwa vitabu vikuukuu nilivyovikuta barabarani, ukurasa kwa ukurasa, nikinakili michoro kwenye daftari. Ndiyo kazi ninayoifanya hadi leo. Rodah aliingia chuo cha ualimu miaka miwili baada ya wakati wake, na sasa anafundisha darasa la kwanza. Hajawahi kunikumbusha. Chakula cha Krismasi hunipakulia kwanza. Lakini kila nikimwona akistaajabia jinsi wenzake wa rika lake walivyomtangulia vyeo, huwa natazama chini. Ada nilisaidia kumlipia. Miaka miwili ya mtu hailipiki.

Basi wewe uliyeshika barua ya chuo, nisikilize. Sikukatazi kuota. Ota, maana asiyeota haendi popote. Lakini ndoto humwonyesha mtu namna atakavyotazamwa, na kazi ni vile atakavyotazama yeye, siku baada ya siku, hakuna mtu anayepiga kigelegele. Kabla hujaandika jina la kozi kwenye mstari wa kwanza, mtafute anayeifanya kazi hiyo. Mwombe ukae kwenye kona yake, si siku ya mahafali, bali Jumanne ya kawaida. Uliza chini ya kitambaa kuna nini. Ukisikia njaa mapema, ondoka bila haya. Ukisahau kula, kaa. Usikubali kuitwa jina ambalo hujalifanyia kazi. Usiogope kwamba kuuliza ni kukosa imani. Na kabla ya yote, tazama ni nani nyumbani amekunja barua yake ili ya kwako ifunguliwe, kwa maana unachagua kwa niaba ya wawili.

Mungu akupe kazi itakayokufanya usahau njaa. Akupe mtu wa kukuuliza maswali mapema, na moyo wa kuyajibu. Waliokusubiri wasikusubiri bure, na siku utakapokaa nao mezani uweze kuwatazama usoni. Nenda salama, mwanangu.