Tafsiri ya Kaseti ya Polisi

Kindu, 9 Novemba 1986. Mvua asubuhi, kisha joto. Jioni tulikusanyika tena kwa jirani yangu, fundi wa gari la moshi, kuangalia kaseti yake ya video, filamu ya polisi. Anayo hiyo moja tu, ya Kifaransa, na hututafsiria kila neno huku kidole chake chenye grisi kikimfuata inspekta kwenye kioo cha televisheni. Mado, muuza mikate, alimtania: "Papa, muuaji tunamujua tangu zamani."

"Miye siangalie muuaji," akajibu. "Naangalia namna wanatafuta muntu."

Siku hiyo mke wake alikaa nasi kwa mara ya kwanza. Mwana wao alichukuliwa na askari mwezi wa nane, na kambini hakuna anayewajibu. Filamu ikafika pale inspekta anapofunua shuka, na mama mmoja anasema kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo kwamba maiti ni ya mwanawe.

"Anasema nini?" mke wa fundi akauliza.

Fundi alishusha kidole. "Anasema si yeye."

Sisi tuliokwisha kuisikia mara nyingi tulinyamaza, hata Mado. Kesho yake asubuhi fundi hakupeleka chakula cha mwanawe kambini kama kawaida. Nilimkuta amesimama hospitali, mbele ya chumba cha maiti, kofia mkononi, akingoja wafungue.