Huzuni Hukaa Mapafuni

Nilipokuwa na miaka tisa, pale Stafford, kando ya Houston, Marekani, nilikuwa na walezi wawili: mama yangu, nesi kutoka Lushoto, na jirani yetu Bibi Lin, mzee wa Kichina aliyefuata njia za Tao, mafundisho ya kale ya kwao. Mama akiwa kazini, mimi nilishinda kwa Bibi Lin.

Kila Oktoba alianza amri zake. Funga shingo! Lala mapema! Jua la Houston bado linachoma, mimi na skafu yangu, wenzangu hoi kwa kicheko. Eti upepo wa majira hayo huingilia shingoni, na unayatafuta mapafu. Alipika mapeasi kwa mvuke na sukari ya mawe, kisha tunasimama uani kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, "sssss". Jamani, nilipenda! Harufu ile ninaikumbuka hadi leo.

Mwaka ule bibi mzaa mama alifariki. Makaratasi ya Mama ya ukaazi yalikuwa hayajakamilika, hakuweza kwenda kuzika. Watanzania wenzetu walipotaka kuja kukaa matanga, akakataa. "Jumatatu nina shifti," alisema. Hakutoa hata chozi. Wiki ya pili akaanza kukohoa.

Bibi Lin alikisikia kikohozi kikipenya ukutani. "Huzuni hukaa mapafuni," aliniambia. "Asipoitoa sasa, itamlaza."

Nikaupeleka ujumbe mbio.

"Mwambie mimi ni nesi," Mama akajibu. "Asiniletee uganga."

Lo! Mwezi haukwisha, akaanguka jikoni. Nimonia. Siku sita alizolazwa, niliamini kabisa kwamba atakufa.

Aliporudi, kifua bado kizito, Bibi Lin aliingia na bakuli la mapeasi. Hakuhubiri. Aliketi chini zuliani, kama wanavyoketi wafiwa kwetu, wala hakuna aliyemfundisha. "Sssss," akaanza. Mama alimtazama, akashuka kwenye kochi, akamfuatisha. Pumzi ya tatu ilikatikia njiani, kikatoka kilio. "Mama yangu weee!" Mimi nyuma ya mlango nikaangua kilio pia. Jioni ile akampigia simu shoga yake, akasema sasa wenzetu waje. Wakaja, tukatandika mkeka, tukaomboleza siku tatu.

Sasa nina wanangu, hapa Missouri City, jirani na Stafford, na mapeasi ninawapikia. Kama huzuni hukaa mapafuni, sijui. Daktari alisema ni bakteria, na dawa zake zilifanya kazi. Ila mwaka jana nilimwuliza Mama kwa nini alisubiri mpaka augue ndipo alie. Alikuwa anamenya peasi, hakuinua macho.

"Kulia nilitaka, mwanangu. Lakini tulikuwa wawili tu hapa. Ningeanza kulia, nani angekupikia?"

Kumbe siku zote zile nilipokuwa nikimwogopea yeye, yeye alikuwa ananiogopea mimi, na nusura woga huo umuue.