Klara na Koti la Baba Yudith

Klara alikuwa na mdomo. Watu wote wa Magamba walilijua hilo, naye mwenyewe alilijua, ila yeye aliliita kipaji. Ndiyo maana kijiji chao cha ujamaa kilipotaka mtu wa kukaa na watoto wadogo, ili mama zao walime shamba la pamoja bila mzigo mgongoni, kamati haikuhangaika. Ilimpeleka Klara semina ya malezi ya miezi mitatu, Korogwe. Nani mwingine angeongea na watoto kutwa nzima asikaukiwe?

Binti yake Yudith, aliyekuwa ndiyo kwanza kaacha ziwa, alibaki na baba yake Paskali, kibarua wa kitalu cha miche ya msitu. Klara alimwaga maagizo kuanzia jikoni hadi kwenye basi. Paskali akajibu, "Haya." Bwana yule alitumia maneno kwa kubana, kama watu wanavyotumia mafuta ya taa.

"Baba kazi yake ni kukohoa mlangoni na kununua sare," Klara aliwaambia wenzake huko semina. "Mwanangu nitamkuta amebaki mifupa."

Alimkuta amenenepa. Tena Yudith alipomwona mama yake anashuka basini, alijificha nyuma ya miguu ya baba yake kana kwamba kaona mchoma sindano.

"Njoo kwa mama, kipenzi cha mama, mama kakuletea biskuti, humjui mama? Njoo basi!"

"Tate!" mtoto akapiga yowe, akimwita baba yake kwa Kishambaa kana kwamba anaibwa.

"Mtaalamu wa malezi ndiye huyo," alisema jirani yao Mwanaisha, wala hakushusha sauti. "Jumatatu nimwachie wangu? Wa kwake mwenyewe anamkimbia!"

Maneno yalimchoma, maana Jumatatu ndiyo chumba cha watoto kilikuwa kinafunguliwa, na kamati yote ingekuwepo. Akishindwa na wa tumboni mwake, atarudishwa kwenye jembe, yeye na semina yake.

Klara akaanza kupeleleza. Aligundua kwamba Yudith hulala mchana ndani ya koti la Paskali, lile zito la kazini linalonuka moshi na udongo, baba akizunguka naye kati ya matuta ya miche. Kumbe siri ni koti! Jumapili baada ya misa, Paskali alipoingia kuoga, Klara akalivaa. Likamfika vifundoni. Akavaa na buti, akabandika na kofia, na ili asibakize kitu, akakohoa kikohozi cha Paskali.

"Shikamoo, Baba Yudith!" Mwanaisha aliita kutoka ng'ambo ya ua, halafu akashika mbavu.

Yudith alimtazama kuanzia buti hadi kofia. Akasogea hatua. Klara akaona kazi imekwisha, akafungua mdomo: "Umeona, mwanangu? Hata mama ana koti, tena mama amesomea, njoo nikwambie..."

Mtoto alilia mpaka mbwa wakaitikia.

Paskali akatoka na povu la sabuni masikioni. Akamtazama mkewe ndani ya buti zake. Hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Si koti, Mama Yudith."

"Ni nini basi?"

"Unaongea. Yeye hapati nafasi."

Kwa Paskali hiyo ilikuwa hotuba. Klara alikuwa na majibu tele mdomoni, akayameza, yakashuka kama ugali mkavu. Akateremka kimya hadi kitaluni, mteremkoni chini ya nyumba. Yudith akamfuata kwa mbali, akivutwa na harufu ya koti. Alipofika kwenye tuta akachuchumaa, akanyoosha kidole kwenye mche. Ulimi wa Klara ukawasha: mvinje huo, sema mvinje! Akaung'ata. Naye akachuchumaa.

"Ti," alisema mtoto.

"Ti," Klara aliitikia, akaishia hapo, jasho likimtoka kama anapanda mlima.

Wakaenda mche kwa mche, mtoto akiongoza. Mwishowe Yudith akashika pindo la koti, akaingia ndani, akabebwa.

Mwanaisha akapita na ndoo. "Klara, unaumwa? Mbona kimya?" Akaona kichwa cha mtoto kimelala begani. "Haya, kesho namleta wangu. Ila uje na hilo koti."

Klara alikuwa na jibu la Mwanaisha, tena zuri, la kumfikisha mjini Soni bila basi. Lakini Yudith alikuwa anasinzia. Akakohoa kikohozi cha Paskali, polepole, akaendelea kutembea.