Watu Wanane wa Fizikia

Brenna Tervo alipokuwa na miaka kumi na sita alikuwa ameshajipangia maisha yake yote, na katika mpango huo hapakuwa na nafasi ya kula chakula cha mchana.

Ilikuwa Februari, mwezi ambao theluji ya mji wao, kule kaskazini mwa Michigan kando ya Ziwa Superior, huwa imeshafika madirishani. Huo ndio mwezi ambao wanafunzi wa sekondari huchagua masomo ya mwaka wa mwisho. Brenna alikuwa amekitamani chuo kikuu kimoja cha mashariki, kile ambacho wakiomba watu mia huchukua wanne watano, waliobaki wakaambiwa poleni. Baba yake, Wade, aliendesha lori la kusukuma theluji. Mama yake alipika katika nyumba ya kutunzia wazee. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu, kwa hiyo mambo ya vyuo Brenna aliyaokota mtandaoni, kwenye porojo za vijana wenzake wenye hofu kama yake. Huko alisikia wimbo mmoja tu: chukua masomo magumu, ukimaliza ongeza mengine magumu zaidi.

Basi akachagua yote. Kila somo la ngazi ya chuo lililofundishwa pale shuleni alilitia alama. Nafasi zilipojaa, akafuta kwaya, alimokuwa akiimba tangu utotoni. Bado hakuridhika. Akafuta na kipindi cha chakula, pale akaweka saikolojia ya kusomea kwenye kompyuta.

Mshauri wa masomo alikuwa Bi Lorraine Beaudry, mama mwenye sauti ya kukwaruza aliyewalea kimasomo nusu ya watu wa mji ule. Aliipokea karatasi ya Brenna, akaisoma, akavua miwani.

"Na chakula utakula saa ngapi, mwanangu?"

"Nitakula nikitembea, Bi Beaudry. Kutoka chumba cha hesabu mpaka cha historia ni mbali."

"Supu nayo utainywa ukitembea?"

"Supu nitaacha."

Bi Beaudry hakucheka. "Haya, nioneshe hapa somo unalolipenda."

Brenna akainama juu ya karatasi yake, akaitazama kama ya mtu mwingine. Alizijua sababu za kuchagua kila somo, lakini hakuna hata sababu moja iliyokuwa ya kupenda. "Napenda fizikia," akasema mwishowe. "Lakini ile ya ngazi ya chuo haipo kwenye orodha ya mwakani."

"Haipo kwa sababu mlioiomba mko watatu. Mkuu wa shule anataka wanane, la sivyo Mwalimu Pelkola wa fizikia atapewa darasa jingine." Bi Beaudry akairudisha karatasi upande wake. "Sikiliza. Watu wa chuo wanajua shule yetu inafundisha nini. Watatazama kama magumu yaliyokuwepo uliyakabili au uliyakimbia. Hawakupimi kwa kilo kama viazi. Ukibeba matatu manne ukayamudu, na una jambo lako jingine linalokufurahisha, watakuona. Ukibeba saba ukaanguka Novemba, wataliona hilo anguko. Hesabu za juu baki nazo. Kiingereza baki nacho. Haya mengine uliyoyarundika hapa siyaidhinishi. Nenda kanitafutie watu watano wa fizikia."

"Mimi? Niombe watu?"

"Una mdomo."

Brenna alitoka pale kwa hofu. Alikuwa mtoto wa kuinamisha kichwa koridoni ili asilazimike kusalimia. Lakini fizikia aliitaka kweli, na kesho yake akaanza na wale waliokuwa juu darasani, akidhani watakuwa wepesi. Wote walikataa, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu. Waliogopa kuharibu wastani wao wa alama.

Alipokosa pa kwenda, akaenda uwanja wa barafu. Timu ya magongo, wale wanaokimbiza kisahani cha mpira juu ya barafu, ilikuwa imemaliza mazoezi, vijana wakifungua viatu huku mvuke ukiwatoka vichwani. Golikipa wao, Garrett Rautio, alikuwa wa kwanza kumwona.

"Tervo! Umepotea? Maktaba iko kule!"

"Natafuta watu wa kuingia fizikia," Brenna akasema, masikio yakimwaka.

Vijana wakaangua kicheko. Garrett akashika kifua. "Kwani nimekukosea nini jamani?"

"Mpinzani akipiga," Brenna akasema, asijue ujasiri ule umetoka wapi, "unajuaje kisahani kitarudi upande gani kikigonga ukuta?"

"Najua tu."

"Basi nusu ya fizikia unayo. Imebaki kuiandika."

Garrett akaweka kiatu chini. "Nikifeli, kocha ananiweka benchi. Na mzee ataninyoa bila maji."

"Hutafeli. Jumapili njooni kwetu tusome pamoja. Mama anapika pai za nyama na viazi."

"Si ungeanza na hilo la pai!" akadakia mwenzake mmoja kutoka nyuma.

Garrett akaingia, na akawaburuta wenzake watatu. Alibaki mtu mmoja tu kutimia wanane, na Brenna alimjua ni nani, ila aliona aibu. Yeye na Noelle Cloutier walikuwa wakisimama bega kwa bega kwenye kwaya, na Brenna alikuwa amejitoa bila hata kumuaga. Alimkuta akifunga mkoba.

"Ahaa, mheshimiwa," Noelle akasema. "Mwakani unatuacha sauti ya pili na wasichana wawili, mmoja ana mafua mwaka mzima. Leo umekumbuka nini?"

"Nisamehe, Noelle."

"Msamaha hauimbi. Rudi kwaya, na mimi nitakufuata huko kwenye mateso yako."

Hivyo ndivyo Brenna alivyopata mwaka wake wa mwisho: fizikia, hesabu za juu, Kiingereza, Kifaransa cha kawaida, kwaya, na sahani ya chakula mchana. Miezi ya mwanzo alilala kwa wasiwasi, akiamini kwamba huko mashariki kuna mwenzake aliyebeba mara mbili yake.

Mtihani wa kwanza wa fizikia uliwafyeka wote. Brenna alipata alama ambayo hakuwahi kuiona chini ya jina lake. Lakini safari hii alikuwa na muda wa kumfuata Mwalimu Pelkola na kuuliza, na muda wa Jumapili. Jikoni kwa akina Tervo walijazana mabega kwa mabega. Garrett alisukuma kikopo cha chumvi mezani kumfafanulia Noelle habari za msuguano, Noelle akamkosoa, Brenna akajikuta, katika kuwaeleza wote wawili, analielewa jambo ambalo hata yeye lilikuwa limempita. Wade aliporudi kazini alikuta hana kiti, akala amesimama, akisikiliza kwa raha ya mtu asiyeelewa neno. Mwaka ulipoisha, hakuna aliyefeli.

Chuo cha mashariki kilimkataa. Habari zilimfika Machi, na Brenna akaenda kulia kwenye sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba, mahali ambapo machozi na jasho havijulikani. Mama yake aliingia, akaketi kando yake, akayamwagia maji mawe ya moto. Akakaa naye mpaka kilio kikaisha.

Majuma machache baadaye, chuo kingine, cha Minnesota, nacho cha kuchuja watu, kilimkubali na kumlipia karibu gharama yote. Huko alikutana na wale aliowaogopa, wenye masomo magumu kumi na kitu. Baadhi walikuwa hodari kweli. Wengine walikuwa wamefika wamechoka, kitabu hawataki hata kukiona. Brenna alifika na hamu yake nzima, na aliposhindwa jambo hakuona haya kukusanya watu mezani.

Leo ni mhandisi wa madaraja huko Duluth. Bi Beaudry alipostaafu, watu wa mji walimfanyia karamu ya kiangazi ufukweni, na Brenna akaendesha gari mchana kutwa ili ahudhurie. Alimkuta kwenye kiti cha kukunja, akamshika mikono yote miwili, akamwambia yale aliyokuwa amejiandaa kusema tangu asubuhi. Hakufika nusu, machozi yakamtoka.

"Mimi nilikutuma tu, mwanangu," Bi Beaudry akasema, macho yake nayo yakilowa. "Waliokuitikia ni wale pale. Umeshawashukuru?"

Pale alikuwepo Garrett, siku hizi fundi wa nyaya za umeme, anageuza soseji motoni. Alikuwepo Noelle na watoto wake. Mdogo wake Garrett alikuwa amesoma fizikia ileile miaka miwili nyuma yao, na tangu hapo darasa halikufutwa tena. Brenna akatambua kwamba hakuwahi kuwaambia asante, hata siku moja. Akavuka mchanga, akasimama mbele ya Garrett, akayasema yote: kwamba kama wasingeingia, hajui angekuwa wapi.

Garrett akamsikiliza mpaka mwisho, uso umemwiva, na haukuwa moto peke yake.

"Tervo," akasema, "mimi nilifuata pai." Kisha akamkumbatia, uma wa soseji ukiwa bado mkononi, na Noelle akapiga kelele waangalie wasichomane.