Ukuta Niliouziba Al-Murabba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu kwenye usukani hapa Jeddah, hadi madam ninayemwendesha huniuliza kama nimekula. Nilikuwa kijana kama wewe, mlinzi wa nyumba moja ya zamani kule Riyadh, mtaa wa Al-Murabba. Ilikuwa na paa bapa, baraza refu lenye kivuli, na mbele ya baraza ukuta wa matofali yenye matundu. Mwenye nyumba, mzee tuliyemwita baba, alirithi nyumba hiyo kwa babake na aliijali kuliko dawa zake za presha. Lakini mwanawe alitaka kuibomoa ajenge ghorofa za vioo. Wakakubaliana msanifu majengo aje Alhamisi aseme kama inafaa kuhifadhiwa. Akisema haifai, halas, imekwisha.

Nami nikajitia kimbelembele. Kwetu Kakamega, nyumba yenye matundu ukutani ni ya mtu aliyeshindwa kumaliza kujenga. Nilimwonea baba aibu. Alipokwenda kwa dadake siku mbili, nikatoa simiti iliyobaki stoo, nikaziba tundu moja baada ya jingine, nikapaka rangi nyeupe. Nilimtumia hata mke wangu picha.

Baba alirudi Jumatano, akasimama langoni akiutazama ukuta. Nilingoja sifa. Akaniambia nikae barazani, nikakaa, na baada ya muda mfupi shati lilikuwa limelowa. Hewa mafi, kama wasemavyo Waarabu: haipo kabisa.

“Kabla ya kuziba,” akaniuliza, “ulimuuliza nani ukuta huu unafanya kazi gani?”

Ndipo nikaelewa kwamba matundu yale ndiyo yaliyoingiza upepo barazani. Mzee wa watu alikuwa karibu kupoteza nyumba yake kwa wema wangu, na niliumia sana.

Kesho yake kulipopambazuka nikaanza kuzibua kwa nyundo na tindo. Wageni walipofika nilikuwa nimefika nusu ya kazi, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, na mtoto wa baba alinisalimu kwa heshima akidhani ni mzee wake. Msanifu, mwanamke wa maneno machache, alikaa upande uliozibwa akajipepea kwa makaratasi yake. Akahamia upande wenye matundu, makaratasi akayaweka chini. Kisha akamwita yule mtoto wa baba.

“Kaa pale kwanza, halafu uje ukae hapa.”

Alikaa pale, akaja hapa, na hapa hakuondoka hadi chai ikaisha. Nyumba haikubomolewa. Baba aliwaambia majirani kwamba mpango ule wa kuacha nusu imezibwa ulikuwa wake, ila mimi sikupewa chai mpaka nizibue nusu iliyobaki.

Sasa nasikia unataka kumshauri bosi wako wa mtaa wa Al-Baghdadiyah hapa Jeddah ang'oe vile vibao vya mbao madirishani kwa sababu vimezeeka. Mwanangu, kaa nyuma ya vibao hivyo mchana mmoja kwanza. Aliyeviweka alilijua jua hili kabla yako. Uliza, ndipo ushike nyundo. Mungu akubariki, akulinde kazini, na huruma yako kwa watu isitangulie akili yako kama ilivyonifanya mimi.